Samaki walivyonifunza kusema 'sijui'

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari. Bahari iliyoniumbua mimi ina urefu wa futi tatu, imezungukwa na vioo, nayo ipo sebuleni mwangu hadi leo. Humo ndimo nilimogundua, licha ya miaka mingi ya kuhadhiri isimu chuoni na shahada ya uzamifu juu yake, kwamba lipo neno moja jepesi ambalo ulimi wangu haukuwa umezoea kulitamka mbele ya mtoto.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana bintiyangu, aliye katika Gredi ya Saba, alinisihi nimnunulie samaki wa kukwangua ukijani uliokuwa umetanda kwenye vioo vya tangi letu. Wauzaji wa samaki wa mapambo humwita pleko. Ni jamaa ya kambare, na asili yake ni mito ya Amerika Kusini. Hana magamba, mwili wake umevikwa sahani za mfupa mithili ya deraya ya askari wa kale. Kinywa chake ki chini ya kichwa, nacho kina umbo la kikombe cha kufyonzea, hivi kwamba hung'ang'ania kioo au jiwe hata maji yakienda kasi namna gani.

Tulinunua wawili, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Muuzaji alituhakikishia kuwa wote ni majike.

"Baba, tutajuaje kwamba kweli ni majike?" bintiyangu aliuliza tulipofika nyumbani.

Nilikuwa nimesoma kurasa mbili kuhusu samaki hao, na kurasa mbili zilitosha kunivika kilemba cha ualimu. Nilimweleza kuwa aina ile, ambayo wataalamu huiita Ancistrus, dume lake huota kichaka cha sharubu juu ya pua. Hawa hawakuwa na kitu puani. Kwa hivyo ni majike, na majike wawili hawazai. Nikatia na utani kidogo: Waswahili husema nyumba ya kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, na mtoto ana sharubu, lakini katika nyumba ya kambare huyu, mwenye sharubu za kujivunia ni baba peke yake. Mtoto alicheka. Mjadala ukafungwa.

Msomaji makini ameshaliona kosa langu. Sharubu hizo huota samaki anapokaribia kupevuka. Dume changa na jike changa huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama puani. Mimi niwafundishaye wanafunzi jinsi mtoto anavyojifunza lugha, nilistahili kuwa wa kwanza kulifahamu hilo. Mtoto wa miaka miwili akisema 'lula' badala ya 'rula', hatutangazi kuwa Kiswahili hakina sauti /r/. Twasema sauti hiyo haijamjia bado. Kutokuwapo kwa kitu leo si ushahidi kwamba hakitakuwapo kesho.

Laiti kosa lingeishia hapo! Baada ya miezi kadhaa bintiyangu alinijia mbio. "Baba, yule mkubwa ana kitu kama mizizi puani." Nilikuwa nasahihisha miswada ya mitihani. Bila kuinua kichwa nilimjibu kuwa huo ni uchafu uliomgandama. Hakubisha. Alirudi alikotoka, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena swali lolote kuhusu samaki wale. Mimi, maskini wa Mungu, niliuchukua ukimya ule kuwa dalili ya kuridhika.

Kisha ukaja mgao wa maji, ambao wakazi wa Nairobi hawahitaji kuelezwa. Kwa majuma kadhaa mabomba yalikoroma upepo tu. Maji tuliyoyapata kwa mitungi yalikuwa ya kupikia, kunywa na kufua. Samaki waliongezewa kikombe hapa, kikombe pale, ili kufidia yaliyokauka. Mvua za masika zilipoanza mwezi wa Aprili, tulikinga maji ya paa kwenye mapipa, na jioni moja nikabadilisha karibu nusu ya maji ya tangi kwa maji hayo mapya, baridi na yasiyo na klorini.

Baada ya siku nne, bintiyangu aliniita kwa sauti ya kunong'ona. Ndani ya kipande cha mtungi uliovunjika, ambacho tulikuwa tumekilaza tangini kiwe maficho, kulikuwa na kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, makubwa kwa samaki mdogo kama yule. Juu yake alilala yule mwenye "uchafu" puani, akiyapepea kwa mapezi bila kukoma.

Maelezo niliyapata baadaye, safari hii kwa kusoma zaidi ya kurasa mbili. Katika mito ya kwao, mvua ikinyesha maji hupoa, nayo chumvi zilizoyeyuka ndani yake hupungua. Kwa samaki wengi wa huko hiyo ndiyo ishara ya msimu wa kuzaa. Ukame wa mabomba yetu uliiga kiangazi, na maji ya paa yakaiga masika. Nilikuwa nimewapelekea ujumbe kwa lugha yao pasipo kujua kwamba naizungumza.

Ni baba anayelea. Jike akishataga, dume humfukuza, akabaki kuulinda mlango wa pango. Huyapepea mayai ili yapate hewa, huyasafisha kwa kinywa, na kwa muda huo huenda asile kabisa. Siku ya tano mayai yalianguliwa. Vifaranga walionekana kama mifuko midogo ya kiini iliyobandikwa mikia, wamejigandamiza ukutani mwa mtungi kwa vinywa vyao. Ilipita takriban juma moja kabla kiini hicho hakijakwisha nao hawajaanza kutoka nje. Tuliwalisha matango na majani ya sukuma wiki yaliyochemshwa kidogo. Tulipowahesabu, walikuwa arubaini na watatu.

Siku hiyo ndipo bintiyangu aliponionyesha daftari lake. Kumbe alikuwa akiandika kila alichokiona: tarehe, urefu wa samaki, nani alilala wapi. Kwenye ukurasa mmoja niliyasoma haya: "Samaki mkubwa ameota mizizi puani. Baba anasema ni uchafu. Mimi naona ni dume."

Wenzangu walimu, sentensi hizo tatu zilinichoma kuliko tathmini yoyote niliyowahi kuandikiwa na wanafunzi wangu. Mtoto alikuwa na ushahidi. Mimi nilikuwa na cheo. Cheo kilipoushinda ushahidi, mtoto hakubadili fikra zake: alizificha tu. Ni madaftari mangapi ya namna hiyo yaliyofichwa katika madarasa yetu? Ni wanafunzi wangapi waliojifunza kuwa jibu sahihi ni lile linalomridhisha mwalimu, na lile wanaloliona kwa macho yao ni la kuandikwa kando? Twalalamika kwamba wanafunzi wetu chuoni hawaulizi maswali. Pengine waliwahi kuuliza, zamani, na mtu fulani akawajibu bila kuinua kichwa.

Nilimwita, nikamwambia: "Nilikosea. Sikujua, na nilijifanya najua." Hakuniteta. Aliuliza tu: "Sasa tutawapeleka wapi wote hawa?"

Swali hilo nalo si dogo. Jirani mmoja, kwa nia njema, alitushauri tukawamwage mtoni, kwani samaki kwao ni majini. Mto si bwawa la kila mgeni. Jamaa wakubwa wa pleko hawa, wanaofikia urefu wa nusu mita, waliingia katika mito na maziwa ya Florida, Mexico na Ufilipino, ambako si kwao. Huchimba mashimo kingoni ili kutagia mayai, kingo zikamomonyoka, na hunasa nyavuni wakazichana kwa miiba na deraya zao. Wengi wao, kwa wataalamu, asili yao ni tangi la sebuleni kama langu au bwawa la mfugaji.

Nasi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Gugumaji, ambalo pia ni mzaliwa wa bonde la Amazon, lilionekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 likawafungia wavuvi njia. Mbuta, anayeitwa sangara na ndugu zetu wa Tanzania, alitiwa ziwani humo kuanzia miaka ya 1950. Ameleta fedha nyingi, lakini alipoongezeka katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka. Kamba wa Louisiana walitiwa Naivasha mwaka 1970. Kila mara mwanzo ulikuwa mdogo, na kila mara yupo aliyekuwa na uhakika kuwa hakutakuwa na madhara. Uhakika huo naujua. Ni ule ule wa kurasa mbili.

Kwa hivyo jike tumemhamishia kwa rafiki mwenye tangi jingine, na vifaranga tunawagawia shule na watu wanaofuga, kwa sharti moja: asiachiliwe hata mmoja mtoni. Wa kwanza kuwapokea alikuwa mwalimu wa sayansi, na bintiyangu alimpa pia nakala ya daftari.

Nimalizie kwa jambo la taaluma yangu. Mwaka 1758, Linnaeus alipompa samaki wa ukoo huu jina plecostomus, alitumia Kigiriki chenye maana ya kinywa kilichokunjika. Naye bingwa huyo aliteleza, kwani alimweka katika jinsi ya samaki wengine kabisa. Waliomfuata walisahihisha, na sayansi haikuvunjika mguu. Kila niwazapo jina hilo huukumbuka msemo wetu, samaki mkunje angali mbichi. Tumeuzoea kama wasia kwa walezi juu ya watoto. Sebuleni mwangu aliyehitaji kukunjwa alikuwa mwalimu mwenyewe, na nashukuru kuwa hakuwa amekauka.