Kanuni ya Wachezaji wa Kigeni na Ufungaji wa Mabao katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara: Mfano wa Geita Gold

Mabadiliko ya kanuni hayazai matokeo kwa njia moja katika kila mchezo. Mwaka 2023 ligi kuu ya beziboli ya Marekani ilipanua besi kutoka takribani sentimita 38 hadi 46 kila upande, ikamwekea mrushaji saa, na ikapunguza nafasi zake za kumzuia mkimbiaji. Uibaji wa besi, yaani mkimbiaji kuchupa kwenda kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe, ulipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Kanuni iligusa tendo lenyewe, tena kwa timu zote 30 kwa kipimo kimoja. Athari yake ilihesabika msimu uleule.

Kanuni ya idadi ya wachezaji wa kigeni katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara ni ya aina nyingine. Idadi hiyo ilipandishwa kutoka 7 hadi 10 msimu wa 2018/19, kisha 12 msimu wa 2021/22. Hofu ilikuwa kwamba washambuliaji wazawa wangefunikwa. Orodha ya wafungaji bora haiungi mkono hofu hiyo moja kwa moja. Msimu wa kwanza wa kanuni ya 12, aliyeongoza alikuwa mzawa, George Mpole wa Geita Gold, kwa mabao 17. Kwa upande mwingine, Mrundi Amissi Tambwe wa Yanga alikwishaongoza 2015/16, wageni wakiwa 7 tu. Kagere, Mayele, Aziz Ki na Ahoua nao walifunga wakiwa Simba au Yanga. Kanuni ilitoa ruhusa. Fedha ndizo zilizoitumia.

Hapa Geita Gold inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ni timu ya mkoa ambao Ushirombo, pamoja na Wilaya ya Bukombe, ilihamishiwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Baada ya kushika nafasi ya nne 2021/22, ilimsajili Saido Ntibazonkiza wa Burundi. Dirisha dogo lilipofunguliwa alihamia Simba, akamaliza msimu akiwa sawa na Mayele kwa mabao 17. Msimu huohuo Mpole alikwenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Mzawa na mgeni waliondoka pamoja, na hakuna kati yao aliyeondolewa na ukomo wa idadi. Mtafiti anayehesabu wageni peke yao hataliona pengo hilo. Mwisho wa msimu wa 2023/24 Geita Gold ilishuka daraja, na kijana wa Ushirombo akabaki bila timu ya mkoa wake katika Ligi Kuu.