Kuacha kazi ya mine juu ya kupiga mukuba

Siye wa sendika tulizoea kuona mtu anatoka kazini juu ya ugonjwa, uzee, ao kufukuzwa. Mwaka 2003 ulipita na «départ volontaire» ya Gécamines, zaidi ya watu 10.000 wakatoka, kila kambi inakumbuka. Lakini kamarade wetu mmoja, sudere, alikuja kutuambia anaacha mwenyewe. Anataka kupiga mukuba tu: bamba jembamba, unalilainisha na moto, unalipiga kwa nyuma na nyundo, pole pole, mpaka sura ya mama na mtoto inatokea mbele.

Tulicheka kidogo. Bibi yake hakucheka. Aliuliza nani atalipa lopitali na minervali ya watoto. Ndiyo swali lenyewe, wandugu: ukitoka, hupotezi mshahara peke yake.

Tulimukalisha. Usiandike demisyo siku ya hasira. Heshimu preavi. Dai dekonti ya mwisho na atestasyo ya kazi, na uchunge karatasi za CNSS, juu miezi yako iliyolipiwa itahesabiwa siku ya pansio. Na kwanza piga usiku, uone kama watu wananunua.

Alipiga usiku mwaka muzima, kiisha akatoka. Leo, mwezi mmoja anauza bamba tatu, mwezi mwingine hata moja hapana. Bibi anauza unga mbele ya parsele. Siye tulinunua bamba moja kwa biro ya sendika. Nusu ya bei tungali na deni.