Mbuzi amekufa tumbo limejaa: uliza mahindi kabla ya sumu

Bandugu, wakati wa mavuno ya mahindi, Katuba ao Ruashi, neno ni lile lile: "Mbuzi yangu ililala muzima, asubuhi imekufa. Jirani aliipa sumu." Familia mbili zinagombana, na minervali ya mtoto imeenda na mbuzi. Wadogo zetu wa udaktari wa mifugo pale UNILU, ninyi ndio mutaitwa. Muulize kwanza: usiku ule mufuko wa mahindi ulikuwa wapi?

Mbuzi anatafuna majani, lakini wanaoyala kwanza si yeye. Rumeni, lile tumbo kubwa la kushoto, ni kama pipa la munkoyo: vijidudu mabilioni vinachachusha majani, na asidi vinazotoa (asetiki, propioniki, butiriki) zinapita katika ukuta wa tumbo mpaka kwenye damu. Hapo ndipo mbuzi anapata karibu 70% ya nguvu zake. Akicheua, mate yenye bikaboneti yanashuka kutuliza asidi, na pH inabaki kati ya 6 na 7.

Sasa avunje mlango ashibe bunga. Wanga unachacha mbio sana, na bunga haimlazimishi kucheua, basi mate ni kidogo. Asidi laktiki inajaa, pH inashuka chini ya 5, vijidudu vizuri vinakufa. Tena ile asidi inavuta maji ya damu kuyaingiza rumeni. Ndiyo maana macho yamezama kama ya mwenye kiu, na tumbo limejaa maji! Anahara, anayumba, analala.

Weka ngumi ubavu wa kushoto. Kwa mbuzi muzima utasikia rumeni inajikunja mara 1 ao 2 kwa dakika. Huyu, kimya; ukisukuma, maji yanacheza. Kama ubavu unalia kama ngoma, hiyo ni gesi, ugonjwa mwingine, na dawa yake ni nyingine.

Watu watakuuliza: mbona mbuzi ya jirani inakula pumba kila siku na haifi? Juu ilizoeshwa pole pole, wiki 2 ao 3, vijidudu vikabadilika pamoja na chakula.

Akisha kufa, pasua rumeni mbele ya familia zote mbili, waone mahindi na wasikie ile harufu kali ya uchachu. Lakini ukikuta damu isiyoganda puani ao mkunduni, usiguse kisu: inaweza kuwa kimeta.