Wakaapweke wa Zama Zetu (2): Mlima Usiomwacha Mtu Peke Yake

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha mkaapweke Antoni kwenye jangwa la Misri, akiwakimbia watu nao wakimfuata. Leo turudi nyumbani. Mkazi wa Arusha anayetaka kuupa ulimwengu kisogo atakwenda wapi?

Wengi watasema Mlima Meru, wenye mita 4,566. Lakini huko hupandi bila askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Jioni ukifika kwenye vibanda vya Miriakamba unalala chumba kimoja na wageni usiowajua, huku wapagazi wakipiga soga jikoni. Vihambani ndiko kabisa: migomba ya huyu inagusana na kahawa ya yule, na ukijifungia siku mbili, wazee watakuja kuuliza umekosana na nani.

Si kwamba wenyeji hawajui kujitenga. Morani wa Kimaasai na wa Kiarusha hukaa olpul, msituni, wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome ya miti. Vijana waliotoka kutahiriwa utawaona kando ya barabara, nguo nyeusi, nyuso zimechorwa kwa rangi nyeupe. Hao wote wametoka katika maisha ya kawaida, ila wametoka kwa kuaga, na nyumbani kuna anayewangoja. Hata Mwislamu anayekaa itikafu siku 10 za mwisho za Ramadhani hujitenga ndani ya msikiti, mahali watu wanapokusanyika.

Kuna anayetajwa mara nyingi kama mkaapweke wa mkoa huu: Mary Leakey, mtafiti wa Olduvai, aliyeishi kambini miaka mingi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Husimuliwa kwamba alikuwa peke yake na mbwa wake. Mimi hilo silikubali. Kambi ilikuwa na wafanyakazi, wakiwemo Wakamba waliochimba naye visukuku miaka nenda miaka rudi. Wasimuliaji hawakuwahesabu, basi.

Upweke wenyewe tuutafute mjini, kwenye watu 617,631 waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Mstaafu wa Njiro ana geti la chuma, mlinzi na watoto walio ng'ambo. Fedha zinaingia kwa simu kila mwezi bila kukosa. Wa kumuuliza kama amekula hayupo. Huyu hakuaga mtu wala hakuchagua. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke.

Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata 2021. Sisi tulikuwa na balozi wa nyumba kumi, aliyejua nani anaumwa na nani kasafiri. Siku hizi uongozi wa mtaa wengi tunaukumbuka tukihitaji barua ya utambulisho.

Itaendelea.