Mbavu Zilizovunjika: Kutuliza Maumivu ili Pumzi Ipite

Binadamu ana jozi 12 za mbavu, zote zikianzia kwenye uti wa mgongo. Kwa mbele, jozi 7 za juu zimeunganishwa na mfupa wa kidari kwa gegedu, 3 zinazofuata huegemea gegedu ya mbavu zilizo juu yake, na 2 za chini kabisa huishia katikati ya misuli. Zinazovunjika zaidi ni za katikati, kuanzia ubavu wa 4 hadi wa 9, kwani za juu zimekingwa na bega na mtulinga, na za mwisho zina nafasi ya kuyumba. Katika jimbo la Tanganyika nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye maeneo kama Kiambi kando ya mto Luvua, pigo huja kwa njia zinazojulikana: baiskeli iliyolemewa na magunia hupinduka mteremkoni, pikipiki huteleza kwenye matope, mtu huanguka kutoka juu ya mchikichi, au hupigwa. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika anaweza kuvunjika ubavu kwa kujikwaa mlangoni, hata kwa kikohozi kikali. Mbavu za mtoto hupinda sana kabla ya kuvunjika, kwa hiyo mtoto aliyevunjika ubavu amepata pigo kubwa. Lazima achunguzwe hata kama kwa nje anaonekana mzima, na ijulikane kwa upole nini kilimpata na mikononi mwa nani.

Mguu uliovunjika hufungwa plasta ukatulia. Ubavu hauna siku ya kutulia: mtu mzima hupumua zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na kila mara ncha za mfupa huvutwa. Mwili hujitetea kwa kupumua kijuujuu na kuzuia kikohozi. Matokeo yake, sehemu za chini za mapafu hazipati hewa, vifuko vyake hunywea, makohozi hutuama na vijidudu huzaana humo. Ndivyo homa ya mapafu inavyompata mtu ambaye siku chache kabla alionekana kuwa na jeraha dogo. Kwa hiyo dawa ya maumivu hapa ni tiba yenyewe. Bila hiyo mgonjwa hawezi kuvuta pumzi ndefu wala kukohoa, na hatari inayomkabili inatoka huko kuliko kwenye mfupa, ambao kwa kawaida huunga wenyewe. Utafiti wa Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia wagonjwa 277 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kila ubavu mmoja ulioongezeka kwenye idadi ya zilizovunjika uliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 19 na ya homa ya mapafu kwa asilimia 27. Mzee anayekaa kimya akikataa dawa kwa sababu amezoea kuvumilia ndiye wa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Dalili ni maumivu makali mahali pamoja, yanayochoma mtu akivuta pumzi, akikohoa, akicheka au akijigeuza. Picha ya eksirei husaidia, ila nyufa nyingi hazionekani humo, hasa siku za mwanzo. Katika kituo cha afya kisicho na mashine, muuguzi mwenye uzoefu hutambua kwa kugusa taratibu na kusikiliza kifua, na matibabu hayabadiliki kwa kukosa picha. Linalotakiwa kujulikana upesi ni kama kilichokuwa chini ya ubavu kimeumia.

Ncha ya mfupa inaweza kutoboa pafu, hewa au damu ikajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mbavu 3 au zaidi zinazofuatana zikivunjika kila moja mahali pawili, kipande cha kifua huachia, kikizama mgonjwa anapovuta pumzi na kutokeza anapoitoa. Mbavu za chini kulia hufunika ini, na za kushoto hufunika bandama. Mahali penye malaria ya mwaka mzima jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa malaria ya mara kwa mara huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo ambalo ya kawaida ingelistahimili. Inaweza kupasuka siku kadhaa baada ya ajali, wakati familia imekwisha kutulia. Mtu aliyeumia ubavu wa chini kushoto ambaye tumbo linajaa, anahisi maumivu kwenye ncha ya bega la kushoto, anatoka jasho baridi au anazimia akisimama, apelekwe hospitali kuu ya rufaa saa hiyohiyo. Vivyo hivyo anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, anayetema damu, mwenye midomo iliyobadilika rangi, au anayepata homa baada ya siku kadhaa. Barabara za udongo huko ni ndefu na mvua huziharibu, kwa hiyo uamuzi wa kusafiri ufanywe mapema. Anayepumua kwa shida asafirishwe ameketi nusu wima ameegemezwa. Kulazwa chali humbana pumzi.

Dawa ya kwanza ni parasetamoli. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi humeza tembe 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuvuka gramu 4 kwa siku. Mwenye uzito mdogo au ugonjwa wa ini apewe pungufu kwa ushauri wa muuguzi. Siri ya dawa hii ni saa: imezwe kwa mpangilio hata maumivu yakiwa yamepungua, maana yakisharudi kwa nguvu huchukua muda kutulizwa tena. Isipotosha, huongezwa ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba, wala pale ambapo damu inashukiwa kuvuja ndani. Diklofenaki ni ya kundi hilohilo, na kuzichanganya mbili hizo huongeza madhara bila kuongeza nafuu.

Maumivu makubwa zaidi huhitaji tramadoli au mofini kwa agizo la mganga. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu ile ya kwanza ya mwaka 1977, na Uganda imeonyesha kwamba mofini ya maji inaweza kuwafikia wagonjwa wa vijijini kupitia wauguzi waliofunzwa. Hofu ya dawa hizi isizidi kiasi, lakini nazo hupunguza kasi ya kupumua. Kuzimeza pamoja na lutuku au pombe nyingine kunaweza kuua. Pia hufunga choo, na kujikamua ni mateso kwa mwenye ubavu uliovunjika, kwa hiyo maji, matunda na sombe viwe vingi. Penye daktari wa ganzi, sindano karibu na mshipa wa fahamu ulio chini ya ubavu humpa mgonjwa saa kadhaa za kupumua vizuri.

Dawa ikishafanya kazi, mapafu yafanyishwe kazi. Kila saa akiwa macho, mgonjwa avute pumzi ndefu 10, akiizuia kidogo kabla ya kuitoa. Kisha akohoe huku amekumbatia mto au kikwembe kilichokunjwa, akikibana juu ya mahali panapouma. Atembee tangu siku ya kwanza akiweza. Kufunga kifua kwa kitambaa au bandeji iliyokazwa kulifundishwa hata hospitalini zamani, na bado kunapendwa kwa sababu kunaleta nafuu ya haraka, lakini kunazuia mapafu kujaa. Kukanda mahali palipovunjika kwa nguvu, ingawa mkandaji ana nia njema, kunaweza kusukuma ncha ya mfupa ndani.

Usingizi huja kwa urahisi zaidi mtu akiegemea mito. Ndagala wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharagwe na karanga pamoja na bukari hujenga mfupa mpya, tumbaku huuchelewesha. Siku ya pili na ya tatu maumivu mara nyingi huzidi, kisha hupungua polepole. Mfupa huunga kwa wiki 6 hivi, na muda huo wote ndoo ya maji, gunia na jembe viachiwe ndugu. Baiskeli ya mizigo husubiri hadi pumzi ndefu na kikohozi visiume tena, jambo linaloweza kuchukua hata miezi 3. Maumivu yanayopita hapo, au yanayozidi badala ya kupungua, humrudisha mgonjwa kwa mganga, kwa sababu huenda mfupa haukuunga, mshipa wa fahamu umebanwa, au kikohozi kinachoendelea ni cha kifua kikuu.