Uchovu Mbele ya Ndugu: Desturi ya Ushirika katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani vuguvugu la kiroho lililochipuka ndani ya makanisa ya Kianglikana ya Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya, Burundi na Tanganyika, kwa kawaida husimuliwa kama habari ya toba, nyimbo na mahubiri. Kinachotajwa mara chache ni namna jamii ya waliookoka, ambao Waganda waliwaita Balokole, ilivyojijengea desturi ya kukabili uchovu na msongo wa mawazo, desturi ambayo haikumtaka aliyeelemewa ajitenge ili apumzike, bali ilimtaka aseme hali yake mbele ya wenzake.

Chimbuko lenyewe la Uamsho lina uhusiano na mtu aliyechoka. Joe Church, daktari Mwingereza aliyesomea Cambridge, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, wakati njaa iliyoitwa Rwakayihura ilipoikumba nchi hiyo mwaka 1928 na 1929, ikaua watu wengi na kuwalazimisha wengine kuhamia Uganda. Hospitali ilikuwa changa, watumishi wachache, na waliokuja kutafuta msaada hawakuisha. Mwaka 1929 daktari huyo alikwenda Kampala kupumzika, mwili umechoka na moyo umekata tamaa, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile ya maisha ya kiroho yaliyo kamili zaidi, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Katika zama za ukoloni, Mzungu wa misheni kuketi na Mwafrika na kukiri kwake upungufu wake halikuwa jambo dogo, na yamkini tendo hilo lilikuwa na uzito kuliko hata mafungu ya Maandiko waliyoyasoma, kwa kuwa ndilo lililokuja kuwa mfano wa uhusiano wa ndugu wote waliofuata.

Kutokana na mfano huo ilizaliwa desturi ya ushirika, yaani mkutano wa waliookoka wa mahali pamoja, ambao kwa kawaida hufanyika kila wiki, kanisani, nyumbani kwa mmoja wao au hata chini ya mti. Hakuna mimbari. Watu huketi kwenye mabenchi na mikeka wakitazamana, mmoja husoma fungu fupi, kisha yeyote husimama, akasalimu kwa jina la Bwana, akataja siku au mwaka aliookoka endapo kuna wageni, halafu akaeleza wiki yake ilivyokwenda: kwamba alimkasirikia mkewe kwa sababu ya fedha za karo, kwamba amekuwa akiomba kwa midomo tu, kwamba kazi imemlemea hata akaanza kuwachukia wale anaowahudumia. Anapomaliza, mara nyingi hapati hotuba wala ushauri, bali wimbo. Na wimbo uliokuwa alama ya Uamsho, Tukutendereza Yesu, uliimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiokijua Kiganda, huku ndugu wakimkumbatia aliyesema. Desturi hii huitwa kutembea nuruni, kwa kufuata Waraka wa Kwanza wa Yohane, na maana yake ni kwamba mtu hafichi hali ya moyo wake, iwe dhambi, hofu au uchovu, mbele ya Mungu na mbele ya ndugu zake.

Hapa ndipo nguvu ya desturi hiyo ilipo. Msongo wa mawazo hautokani na kazi yenyewe tu, bali pia na juhudi ya kuonekana kwamba kazi haijamshinda mtu, na ushirika uliondoa sababu ya juhudi hiyo, kwa kuwa hapakuwa na heshima ya kulindwa mahali ambapo mchungaji na mpishi wake wote waliitwa ndugu. Baadhi walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri miaka iliyopita, jambo lililowashangaza waajiri wenyewe, lakini likawaondolea wao mzigo wa kuishi wakihofia kufichuliwa. Kwa wanawake badiliko lilikuwa kubwa zaidi: mke aliyeamka alfajiri akalima, akachota maji, akapika na kulea, na ambaye mila ilimtaka avumilie kimya, alipata mahali pa kusimama na kusema, tena mumewe akiwapo na kusikiliza. Ndugu hao walifanyika pia namna ya ukoo mpya, wakisimamia harusi na kuzikana, na msaada huo ulikuwa wa lazima kwa sababu wengi wao walikuwa wamegombana na koo zao kwa kukataa matambiko na pombe ya sherehe.

Namna ukoo huo ulivyobeba mzigo ilionekana wazi Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, ambapo ndugu wengi Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, vuguvugu lililopigana na utawala wa kikoloni, na wengi wao wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali, wakajikuta wakishukiwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa. Waliobaki waliendelea kukutana, na ni vigumu kueleza uvumilivu wao kwa imani ya mtu mmoja mmoja peke yake.

Hata hivyo, desturi hiyo ina upande unaohitaji kuangaliwa kwa makini, na kisa cha Yosiya Kinuka kinauonyesha vizuri. Kinuka, aliyekuwa mtumishi wa hospitali ya Gahini, alikwenda kwa Nsibambi akiwa na manung'uniko kuhusu hali ya mambo hospitalini, naye Nsibambi akamwelekeza atafute kasoro ndani ya moyo wake mwenyewe. Kinuka akatubu, akarudi Gahini akiwa mtu mpya, na baadaye akawa mchungaji mashuhuri wa Uamsho. Ndugu husimulia kisa hicho kama ushindi, na kwake yeye kilikuwa ushindi. Lakini mtu aweza kuuliza, bila kukosa adabu, kama hospitali hiyo iliyotoka kwenye njaa, yenye kazi nyingi na watu wachache, haikuwa na kasoro zake pia. Pale ambapo kila uchovu unahesabiwa kuwa dalili ya moyo usiovunjika mbele ya Msalaba, muuguzi anayekesha zamu mfululizo ataungama uchungu wake kila wiki na zamu zisipunguzwe, na mgonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kuondoa hamu ya kuishi, atajiona mwenye dhambi badala ya kutafuta tiba.

Maandiko ambayo ndugu huyasoma hayawalazimishi kufika huko. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Elia anapolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hamkemei wala hamtaki atubu. Anamwamsha ale mkate na kunywa maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili kwa sababu safari ni ndefu, na maswali ya Mungu yanakuja baadaye, mlimani. Wazee wengi wa Uamsho walilielewa jambo hili kwa vitendo, na haikuwa ajabu, kwani vuguvugu lao lililelewa hospitalini, na dawa na maombi havikuwa vimefarakana machoni pao.

Ushirika wa namna hiyo ungali hai Uganda, Rwanda, Kenya na Tanzania, ingawa katika miji mikubwa umepungukiwa na vijana, ambao huvutwa zaidi na makanisa mapya yenye vipaza sauti, mikesha na maombi ya kufunguliwa. Humo pia aliyechoka huombewa, na wengi hutoka wamepata nafuu, ila anayeungama ni muumini peke yake. Mhubiri hutazamiwa kuwa na nguvu Jumapili zote za mwaka, na kama naye amechoka jinsi Joe Church alivyochoka mwaka 1929, hakuna benchi aliloandaliwa ili aketi na kuusema uchovu wake.