Sauti ya Koni, Sauti ya Sumaku

Katika miaka ya 1920, mpiga gitaa wa bendi ya dansi nchini Marekani alikuwa na taabu moja kubwa: hasikiki. Tarumbeta na ngoma zilimmeza. George Beauchamp, mwanamuziki wa majukwaani huko Los Angeles, akamwendea fundi John Dopyera, mhamiaji mwenye asili ya Slovakia, akitaka gitaa la kupiga kelele. Fundi akamtengenezea gitaa la madini matupu, tumboni mna koni tatu za alumini. Mwaka 1927 magitaa hayo yakaanza kuuzwa kwa jina la National.

Uzi wa gitaa peke yake ni mwembamba mno kusukuma hewa. Katika gitaa la mbao, daraja linaloshika nyuzi huupeleka mtetemo kwenye ubao wa mbele, na ubao huo mpana ndio unaotikisa hewa. Gitaa hili la koni, liitwalo resoneta, limeukabidhi mzigo huo kwa koni, ambayo unene wake haufiki nusu milimita: nyepesi, lakini ngumu kwa sababu ya umbo lake. Usidhani inaongeza nguvu. Kidole kimetia nguvu ile ile. Koni inaimwaga hewani upesi zaidi. Ndiyo maana noti hulipuka kwa ukali, kisha ikafa mapema. Gitaa la koni tatu lina sauti laini inayokawia kidogo. La koni moja, lililofuata mwaka 1928, hubweka, na kubweka huko ndiko kulikowafaa wapiga bluzi kama Son House na Bukka White.

Beauchamp hakutulia. Akishirikiana na Adolph Rickenbacker, ambaye karakana yake ndiyo iliyokuwa ikifinyanga miili ya National, alitengeneza gitaa la umeme lililopewa jina la utani Kikaango, likaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1930. Yaani mtu aliyeagiza koni ndiye huyo huyo aliyeifanya isihitajiwe tena.

Sasa fikiria gitaa la madini lililotumika, linalouzwa likiwa na kinasa sauti ndani. Muuzaji atakuambia umepata vyote viwili, koni na umeme. Inategemea kinasa ni cha aina gani. Cha sumaku ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye sumaku. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme huzaliwa ndani ya koili. Alumini haivutwi na sumaku, kwa hiyo koni inaweza kuvuma itakavyo na kinasa kisiijali. Kinachopenya hadi kwenye spika ni ule ufupi wa noti, kwa kuwa koni imeshaunyonya uzi nguvu zake. Koni yenyewe huisikii. Kinasa cha piezo, kinachokaa darajani, hugeuza mkandamizo kuwa umeme, na hicho huusikia mtetemo unaoingia kwenye koni. Adhabu yake ni kwamba koni pia huipokea sauti ya spika: ukisimama karibu na amplifaya, sauti inazunguka na kurudi hadi jukwaa zima linapiga yowe. Wengi hufunga vyote viwili na kuvichanganya, na kwa maoni yangu hao ndio wenye akili.

Kwa hiyo anayenunua alisikilize kwanza bila waya wa umeme. Apige kila noti, polepole, kwenye kila uzi. Mkwaruzo unaotokea kwenye noti moja tu mara nyingi ni skrubu ya kifuniko iliyolegea, jambo la dakika chache. Unaofuata kila noti, huku sauti ikiwa imezibwa, huenda ni koni iliyobonyea kwa kufungwa nyuzi nene au kufunguliwa kwa pupa. Koni hubadilishwa, ila bei iteremke kwanza. Shingo iliyopinda ni kesi nzito zaidi kuliko kinasa kilichokufa: kinasa kipya hupachikwa kwa saa chache, lakini kurekebisha pembe ya shingo ni kulifumua gitaa zima.